Masikio ya Shabani

Mwalimu Josephu alimpiga Shabani kofi moja tu, shavu la kushoto, na damu ikamtoka mtoto sikio la kulia.

Darasa zima liliona. Kofi lenyewe halikuwa la ajabu; pale shule ya Kilindu makofi yaligawiwa kila siku kama uji. Na kosa la Shabani lilikuwa lile lile: kaulizwa swali, kasimama, kamkodolea mwalimu macho mdomoni, hakujibu alichoulizwa. Lakini damu kutoka upande usiopigwa, hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Ilishuka taratibu, imechanganyika na usaha, ikafika shingoni, ikaingia kwenye ukosi wa shati. Shabani hakulia. Alijipangusa kwa kiganja, akakitazama kiganja, akakifutia kwenye kaptura.

"Tokeni nje! Wote nje!" mwalimu akawafokea watoto.

Alichokifikiria kwanza ni kazi yake, si mtoto. Tusimwonee, alikuwa kijana, ndiyo kwanza ana mwaka wa pili kazini, na mwaka ule wa sabini na mbili mwalimu aliyemtoa mtoto damu aliweza kusimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji akaulizwa mpaka jasho limtoke. Kisha akakumbuka semina, na moyo ukamtulia. Mungu amsamehe, alifurahi. Damu ile haikuwa juu yake.

Semina hiyo ilikuwa imefanyika Mtwara mjini wiki iliyotangulia. Waliitwa walimu, madresa wafunga vidonda wa zahanati, askari na mabalozi wa nyumba kumi, wakafundishwa na Bibi Veronika, afisa wa ustawi wa jamii, mama mnene mwenye miwani kutoka Songea. Somo lilikuwa moja: jinsi ya kumtambua mtoto anayetumikishwa, na la kufanya ukishamtambua. "Mtoto hatakuja kukushtakia," aliwaambia. "Mwili wake ndio utakaoshtaki. Mtazameni!" Akawaeleza habari za watoto wa pwani wanaotumiwa na wavuvi wa baruti. Baruti ikilipuka majini samaki wengi huzama, na mtoto ndiye hutoswa kwenda kuwaokota chini, hali mvuvi ameshawasha nyingine upande wa pili. "Masikio yao hupasuka," akasema. "Mkiona damu sikioni, msiseme ni uchafu. Nendeni kwa balozi, balozi aende polisi."

Mwalimu Josephu akamshika Shabani mkono, akampeleka kwa balozi kama alivyofundishwa.

Na balozi alikuwa nani? Isihaka. Alikaa na mwalimu benchi moja kwenye semina ile, akala naye wali wa serikali, akauliza maswali kuliko wote. Isihaka huyo huyo, kaka yake mama Shabani, ndiye mwenye mashua, ndiye mwenye baruti, na ndiye aliyekuwa akimtosa Shabani majini.

Msiniulize kama kijiji kilijua. Kilijua. Samaki wa baruti hafichiki: ukimbonyeza mgongo anabonyea, mifupa imevunjika ndani kwa ndani, na Kilindu nzima, kutoka pale mpaka Madimba, ilikuwa ikila samaki wa namna hiyo, mwalimu naye akiwamo. Ila kujua ni kitu kimoja, na kumshuku mjomba ni kitu kingine kabisa. Kwa watu wale mjomba si ndugu wa pembeni. Mjomba ndiye mwenye watoto. Ndiye anayewapeleka jando, ndiye anayewaoza, ndiye anayewazika. Baba huja na jembe lake begani, akajengewa nyumba ukweni, akalima, akazaa, na siku akifukuzwa huondoka na jembe lile lile.

Isihaka alilitazama sikio la mpwa wake, akatikisa kichwa. "Lahaula! Nani kamfanya mwanangu hivi?"

"Ndizo dalili zile, Ndugu Balozi," mwalimu akasema. "Za semina."

"Naziona. Kwani mimi nilikuwa nimesinzia?" Isihaka akavuta kiti, akaketi. "Hebu nikumbushe, mwalimu. Yule mama alituambia tumtazame nani kwanza?"

"Anayelala na mtoto nyumba moja."

"Mimi nalala naye nyumba moja?"

"Hapana."

"Nani basi?"

"Baba yake."

"Umesema wewe, mimi sijasema," Isihaka akajibu, akatuma mtu kuwaita mgambo.

*

Thabiti alikuwa akipalilia chini ya mikorosho ya ukoo wa mkewe. Mgambo wanne walipomtokea aliwaamkia kwa heshima, maana ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuamkia hata wadogo zake.

"Wewe ndiye unayempeleka mtoto kuzamia?"

Thabiti alidhani ni utani, akacheka. "Mimi? Mimi mtu wa Newala, jamani, nimekulia mlimani. Maji yakinifika magotini napiga kelele."

Rungu la kwanza likampata kwenye kiwiko, mfupa ukavunjika, jembe likamtoka. La pili likampata mgongoni. Alipoanguka walimzunguka, wakampiga mateke ya mbavu na ya uso, mmoja akamkanyaga mkono uliokwisha kuvunjika, na mkono ukalia kama kijiti. Walikuwa vijana anaowafahamu. Mmoja wao juzi tu alikuwa amekuja kuomba mbegu za kunde.

"Muulizeni shemeji!" Thabiti akalia. "Muulizeni Isihaka! Yeye ndiye mwenye mashua!"

Wakaacha. Wakatazamana. Yule wa kunde akainama, akamshika ukosi. "Mkwe, unamtukana mwenye mji? Umekuja hapa na nini wewe?" Akamtandika kichwa cha uso, meno mawili yakatoka.

Mwanakombo, mkewe, alifika mbio na kapu la mihogo kichwani. Kapu likamdondoka. "Mnamuua! Mnamuua mume wangu!" Alimrukia mgambo mmoja, akamng'ata bega, akasukumwa akaanguka juu ya mihogo yake. Alilia maneno mengi mwanamke yule, akawalaani, akamwita marehemu baba yake. Lakini neno moja lililokuwa likitakiwa hakulisema.

Isihaka akaja nyuma yao, anatembea polepole. "Basi, basi, vijana. Msimuue. Sheria ichukue mkondo wake." Watu waliokwisha kusanyika wakasema: mtu mwema yule, angalia anavyomtetea hata aliyemuumizia mpwawe.

Kisha akainama kumwinua dada yake, akamnong'oneza, "Kwenye dari ya jiko lako kuna nini, Mwanakombo?"

Mwanakombo alijua kilichokuwa darini. Tangu kaskazi iliyopita kaka yake alikuwa akiificha baruti mle, imefungwa kwenye gunia, juu ya moto anaopikia kila siku. Aliyemuuzia ni mtu mmoja wa kazi za kupasua mawe, aliyeiiba huko na kuileta kwa kificho.

"Ukifumbua mdomo wako tunakwenda jela sote wawili," Isihaka akasema. "Na mtoto atabaki na nani? Na huyu?"

*

Bibi Veronika alifika kesho yake alasiri kwa Landrova, pamoja na koplo mmoja wa polisi. Aliwekewa meza chini ya paa la darasa, kijiji kikakaa mbele yake mchangani. Thabiti aliletwa kafungwa kwa kamba ya katani, mkono umening'inia, jicho moja limeziba. Bibi Veronika alipomwona alikunja uso, si kwa huruma. Alikuwa amewaona kina baba wa namna hiyo wengi, akawachukia wote.

"Mlimpiga," akawaambia mgambo. "Niliwafundisha kupiga?"

"Alikimbia, mama."

Hakufuatilia. Akamwita Shabani, akamvuta karibu, akamshika mabega kwa upole wa kweli. Mtoto alikuwa amevalishwa kofia mpya ya Isihaka, imemfunika mpaka masikioni.

"Shabani, usiogope. Mimi ni kama mama yako. Kuna mtu anakupeleka kuzamia?"

"Ndiyo," akasema Shabani.

"Ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Ukikataa anakupiga?"

"Ndiyo."

Watu wakaguna. Thabiti aliinua kichwa akamtazama mwanawe, na mdomo wake uliopasuka ukawa unatafuta neno. "Shabani," akasema. "Baba, mimi?"

Shabani hakugeuka.

Ni Mwanakombo peke yake aliyejua kwa nini. Tangu Ramadhani mtoto alikuwa hasikii. Kwanza ukimwita kwa nyuma hageuki. Akadhani ni nta, akamtia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Kisha hata ukimwita kwa mbele. Mtoto mwenyewe aliona haya kusema, akajifunza njia yake: mkubwa akinyamaza na kumtazama, ujue kauliza, jibu ndiyo, hutapigwa sana. Bibi Veronika angemuuliza kama yeye ni samaki angejibu ndiyo. Mama alijua, na alikuwa akimwona mwanawe anamfunga baba yake jela kwa neno hilo moja, na roho ilimuuma.

"Mama mtoto yuko wapi?" Bibi Veronika akauliza. "Simama. Una la kusema?"

Mwanakombo akasimama. Isihaka alikuwa ameketi na wazee, uso mkunjufu, macho yake ameyaelekeza kule kwenye paa la jiko la dada yake.

"Nakuuliza wewe. Una la kusema?"

"Sina."

"Huna? Mtoto wako anatoka damu masikioni, huna la kusema? Mama gani wewe?" Wanawake wengine wakacheka kichinichini, ndivyo watu walivyo. Mwanakombo akaketi, akajifunika khanga usoni.

Bibi Veronika akaeleza yanayofuata. Baba atapelekwa Mtwara. Mtoto lazima atolewe nyumba ile, akae na ndugu wa kuaminika, kama alivyofundisha. "Nani ndugu wa karibu?"

"Mjomba!" kijiji kikajibu kwa sauti moja. Hakuna aliyedanganya. Ungewauliza mara mia, usingizini, wangejibu hivyo hivyo.

"Na huyu mjomba ni mwenzetu wa semina," mwalimu Josephu akaongeza.

Bibi Veronika akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Afadhali," akasema. "Mafunzo hayajapotea bure."

Barabara ilikuwa mbaya na jua limekwisha kuinama, kwa hiyo wageni wakaamua kulala pale shuleni, waondoke asubuhi. Thabiti akafungiwa stoo ya majembe.

*

Mwanakombo alikwenda nyumbani kwa kaka yake kabla ya magharibi, kapeleka mkeka wa mtoto na shati. Akamkuta Isihaka amemlaza Shabani mapajani, anamsafisha sikio kwa pamba na mafuta. Alikuwa anafanya kwa makini, kama mama mzazi.

"Njoo uone," akamwambia dada yake, na alikuwa na furaha. "Yule mama katufundisha vizuri, wallahi. Kasema mtazame masikio, mtazame anayesinzia darasani, mtazame mikono iliyochubuka. Mimi nisingejua yote hayo. Sasa sikio nitalisafisha kila asubuhi, mikono nitampaka mafuta, na siku ya bahari simpeleki shule, nitasema ana homa. Mwakani akija na semina yake ataona mtoto safi."

"Kaka, usimpeleke tena."

"Kesho gari likiondoka tunashuka."

"Kesho?"

"Samaki wananingoja mimi?"

Mwanakombo akapiga magoti. Alimshika kaka yake miguu, mtu aliyemlea baada ya baba yao kufa, aliyemfanyia harusi, aliyemjengea nyumba. "Kaka, mtoto hasikii. Ukimwambia toka majini hatasikia. Atakufa kama Rashidi."

Rashidi alikuwa mtoto wa dada yao mkubwa, Sharifa. Mwaka uliopita alirudi kutoka baharini kazungushiwa tanga, ikasemwa kazama. Sharifa alikatazwa kumfunua.

"Rashidi alizama," Isihaka akasema.

"Hakuzama. Mtu aliyezama hazikwi na tanga. Mwosha maiti alitapika, Sharifa alimsikia. Ulimzika mtoto nusu."

Isihaka akamweka Shabani chini taratibu. Kisha akamshika Mwanakombo nywele, akampigiza kichwa kwenye mwimo wa mlango. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kofi, ngumi, teke la kiuno. Hakupiga kwa kelele, alipiga kama mtu anayetwanga. "Watoto hawa wa nani?" akawa anauliza. "Wa nani? Sema! Wa nani?"

"Wako," Mwanakombo akasema, damu mdomoni.

"Haya. Nenda kapike."

Shabani alikuwa amejikunyata pembeni, kajifunika uso kwa mkeka aliomletea mama yake.

Mwanakombo alirudi kwake akawasha moto, akainjika sufuria, akatazama juu. Aliogopa jela kuliko kifo, hilo tuliseme wazi. Alikuwa amesikia habari za wanawake wanaokwenda jela: talaka zao hutolewa huko huko, na wakirudi hakuna anayekula mkononi mwao. Lakini kila alipofumba macho alimwona Shabani anatoswa, anakwenda chini, na mtu juu anawasha utambi na kumwita mtoto asiyesikia. Hakula. Hakulala.

*

Asubuhi dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari. Thabiti kafungwa pingu kwa mkono mmoja tu, maana ule mwingine haukufungika. Isihaka amesimama na Shabani pembeni, anaagana na Bibi Veronika, anamwahidi kumwandikia maendeleo ya mtoto. Mwanakombo akaja na tenga kichwani, limefunikwa khanga, uso umevimba kama boga.

"Nani kakupiga, mama?" Bibi Veronika akashtuka.

"Muulize mtoto tena," Mwanakombo akasema.

"Mtoto ameshaulizwa," koplo akadakia. "Rudi nyumbani."

"Basi nitamuuliza mimi." Akatua tenga chini polepole, akasimama mbele ya mwanawe. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, uso umenyooka kama uso wa Bibi Veronika jana. "Shabani. Wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo."

Watu wakacheka. Bibi Veronika hakucheka.

"Huyu mama mwenye miwani ndiye mkeo?"

"Ndiyo."

Kicheko kikapungua.

"Shabani, mwanangu. Mimi mama yako nimekufa?"

"Ndiyo," akasema Shabani, akatazama huku na huku kuona kama amejibu sawa.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Bibi Veronika alivua miwani. "Mungu wangu," akasema. "Hasikii. Jana hakunisikia hata neno moja."

"Amepumbazwa na mama yake!" Isihaka akapaza sauti. "Huyu mwanamke ana wazimu tangu—"

"Mwenye kumzamisha ni huyu," Mwanakombo akasema, na kidole chake kikamwelekea kaka yake mbele ya kijiji kizima. "Isihaka, kaka yangu, tumbo moja. Ndiye aliyemuua Rashidi. Leo alitaka kwenda na huyu."

Isihaka alimfikia kwa hatua mbili. Alimpiga bakora ya kichwa, bakora ikakatika. Akampiga ngumi, alipoanguka akampiga teke la tumbo, na jingine, na jingine, huku koplo amesimama akisita, maana ni kaka na dada, na ugomvi wa ndugu askari hauingii haraka. "Kahaba! Unanivua nguo! Mimi niliyekulea!" Sharifa, dada mkubwa, akatoka kwenye kundi la wanawake, akamfunika Shabani macho kwa khanga yake, akamwondosha nyuma ya darasa.

Thabiti ndiye aliyekwenda. Mkono mmoja umevunjika, mwingine umefungwa kwenye mlango wa gari, alijivuta mpaka pingu ikamchuna ngozi, akampiga shemeji yake teke la goti. Isihaka akayumba. Ndipo koplo alipozindukana, akamshindilia Isihaka kitako cha bunduki kwenye taya, na taya likavunjika kila mtu akisikia.

Mwanakombo akajikokota hadi kwenye tenga. Akavuta khanga. "Hii yake," akasema. "Nimeificha mimi, jikoni kwangu."

Koplo alipochungulia aliruka nyuma. Dereva alizima gari akakimbilia mikorosho. Kijiji kizima kikasogea hatua ishirini, akina mama wanawavuta watoto, na wale mgambo wanne wakawa wa kwanza kukimbia. Bibi Veronika peke yake hakusogea. Alikuwa amesimama na miwani mkononi, anawatazama wazee.

"Mlijua," akawaambia. "Nyote mlijua. Mbona hamkuniambia?"

Mzee mmoja akajikohoza. Hakuwa anajitetea, alikuwa anamfahamisha mgeni. "Mama, uliuliza baba. Hukuuliza mjomba."

Bibi Veronika aliketi kwenye ngazi ya darasa, akalia mbele za watu, mtu mzima yule, bila kujifunika.

Baadaye alijaribu kumtetea Mwanakombo. Alisema huyu ni shahidi. Koplo akajibu kwamba shahidi ni kweli, lakini baruti ilikuwa kwake na amekiri mwenyewe, na sheria ya baruti si ya ustawi wa jamii. Wakamfungua Thabiti pingu, na pingu ile ile wakamfunga mkewe. Isihaka akatupwa nyuma, taya limening'inia. Mwanakombo akapakiwa mbele ili wasikae pamoja.

"Muangalie," alimwambia mumewe dirishani. "Usikubali wamchukue."

"Panda vizuri, mlango unafungwa," koplo akasema. Gari likaondoka.

*

Lilikuwa halijapita kona wazee walipoanza. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanatengeneza mambo. Isihaka hayupo, mama hayupo, basi mtoto anakwenda kwa Sharifa, na baba afunge mizigo yake arudi Newala. Asante kwa kulima. Walimwambia hayo Thabiti akiwa bado anatema damu.

Thabiti aliwasikiliza. Miaka yote pale hakuwahi kupaza sauti. Aliinama akaokota panga la mgambo mmoja lililoangushwa wakati wa kukimbia, akalishika kwa mkono wake mzima.

"Mwanangu simtoi," akasema. "Atakayekuja aje. Namkata. Haki ya Mungu namkata, mkubwa kwa mdogo."

"Mkwe, una kichaa? Mtoto si wako."

"Njoo wewe wa kwanza."

Hakuna aliyekwenda. Si kwa kuogopa panga peke yake. Walikuwa hawajawahi kumwona mkwe amesimama namna ile, wakawa hawajui la kufanya.

Sharifa akatokea nyuma ya darasa, kamshika Shabani mkono. Wazee wakamwambia, "Mchukue mtoto, Sharifa, wewe ndiye mkubwa sasa." Alipita katikati yao, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye panga, akauweka mkono wa mtoto kwenye shati la baba yake lililolowa damu.

"Mimi wangu nilimtoa," akasema. "Huyu simpokei."

Thabiti akaliangusha panga, akapiga magoti. Shabani alilitazama jicho la baba yake lililoziba, akaugusa mkono uliovunjika, akatazama mahali gari lilipokuwa limeegeshwa.

"Baba," akasema kwa sauti kubwa mno, ya kupiga kelele, kama asemavyo mtu asiyejisikia. "Mama kaenda wapi?"

Thabiti akamweleza. Alimweleza yote, kwamba mama yake amekwenda Mtwara, kwamba hakufanya ubaya, kwamba amefanya hivi kwa ajili yake, kwamba atarudi, wataishi Newala, kule hakuna bahari. Aliongea kwa muda mrefu, mdomo umepasuka, machozi yanamtoka. Shabani alikuwa akiutazama mdomo huo kwa makini, akangoja mpaka ulipoacha kucheza.

"Baba," akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Nimekuuliza, mama kaenda wapi?"